Kontrakta Aliyeezua Nyumba ya Mama

Mtu aliyeezua nyumba ya mama yangu alikuja na viatu vinavyong'aa. Hilo peke yake lingenitosha. Kijijini kwetu Kiirua, wakati wa kiangazi vumbi linafika magotini, na anayekuja kupima paa akiwa safi kama bwana harusi, huyo hapandi ngazi. Lakini mimi ni mwalimu wa hesabu, nimefundisha Kianjai miaka mingi, na sisi tuliosoma hatuangalii viatu. Tunaangalia karatasi.

Karatasi alikuwa nazo. Alitoa makadirio yaliyochapwa vizuri, na chini yake mhuri wa buluu. Ukimwita fundi alikunja uso. Yeye alikuwa kontrakta. Alizunguka nyumba mara moja, mikono mfukoni, akatangaza kwamba mabati yameoza na mbao zimeliwa. Kisha akaomba tushikane mikono tuiombee kazi. Mimi nilifumba macho. Mama hakufumba, na baadaye aliniambia kwamba mtu yule aliomba huku akihesabu mabati.

Alitaka karibu pesa zote kabla ya kuanza. Bei inapanda kila wiki, alisema, na wenye kiwanda hawakopeshi. Mama akauliza kwa Kimeru kwa nini tusiende Meru mjini tununue mabati wenyewe, naye alipwe kazi ya mikono tu. Kontrakta akatabasamu kama anayemjibu mtoto.

"Mama, kuna bei ya fundi na bei ya mteja," alisema. Kwa siku ile moja, neno fundi halikumkera.

Nami, msomi, nikaitikia kwa kichwa kwamba ni kweli. Nilimtumia pesa kwa simu nikiwa nimesimama palepale uani, kwa namba yake mwenyewe, si ya duka lolote, bila mkataba wala nakala ya kitambulisho chake. Alisoma ujumbe, akanisifu kwa kuwa mtu wa kuaminika. Alikuwa sahihi. Mtu wa kuaminika ni mali kwa watu wa aina yake.

Kesho yake wafanyakazi wake wawili waliezua nyumba nzima kwa asubuhi moja. Siwezi kuwanyima sifa: kazi ya kubomoa waliijua. Mabati ya zamani yakapakiwa kwenye pikapu, kontrakta akasema anakwenda kuyatupa na atarudi na mapya. Mama alihamia jikoni, kile kijumba cha mbao nyuma ya nyumba, pamoja na kitanda chake na magunia mawili ya viazi vya mbegu.

Kontrakta hakurudi. Siku za kwanza alipokea simu, na kila siku alikuwa na msiba mpya. Lori limekwama. Kiwanda kimefungwa. Mama mkwe amefariki. Mwishowe simu ikazimwa. Mimi nikamwandikia ujumbe mrefu wa Kiswahili sanifu, wenye aya tatu na nukta mkato, nikimkumbusha wajibu wake. Naona aibu mpaka leo.

Mvua ikaja. Iliingia sebuleni bila kubisha, ikashuka ukutani, ikafika kwenye picha ya harusi ya wazazi wangu. Mama aliikausha karibu na moto. Uso wake ulibaki. Wa baba, aliyekufa zamani, ukawa doa la kahawia. Hakulaumu mtu. Aliifunga kwa leso akaiweka kando, na afadhali angenitukana.

Nilikwenda kwa chifu. Akaniomba mkataba, sina. Risiti, sina. Jina kamili la mtu huyo; nikampa lile la kwenye simu na ile karatasi. Chifu akaugusa mhuri kwa kidole. "Mwalimu," alisema polepole, "hata mimi nikitaka huu nachongewa pale sokoni." Akaandika malalamiko yangu kwenye daftari, na huko yamelala. Sijapata hata shilingi.

Mama hakungoja haki yangu. Aliuza mtamba, na nilipojaribu kushauri akasema, "Wewe umeshatoa yako. Nyamaza." Akapita kwa majirani wenye mapaa yasiyovuja, akiuliza tu nani aliwaezekea. Nyumba tatu zilimtaja mtu mmoja, fundi mpole anayeishi ng'ambo ya mto. Mama akanunua mabati mwenyewe, akayahesabu langoni moja moja, akamwambia dereva asubiri mpaka amalize. Fundi angelipwa mara tatu: mbao zikisimama, mabati yakikamilika, na sehemu ya mwisho baada ya mvua kunyesha.

"Na mvua ikikawia?" fundi aliuliza.

"Utangoja pamoja nami," mama alisema. "Unaishi hapo tu."

Fundi akafikiri, akakubali. Mvua iliponyesha alikuja mwenyewe bila kuitwa, wakakaa sebuleni na chai, wote wawili wakitazama juu. Tone moja likadondoka karibu na dirisha. Mvua ilipokatika alipanda, akaziba pale, akashuka. Mvua ya pili haikuingia, mama akamhesabia pesa zake mkononi, naye akatia sahihi kwamba amelipwa.

Miezi kadhaa baadaye nilikuwa Nchiru, kwa mtu tunayefahamiana, mwalimu mwenzangu aliyekuwa akijenga vyumba vya kukodishia wanafunzi. Kuta zilikuwa zimefika juu. Nikamuuliza nani ataezeka, akanionyesha karatasi kwa fahari: makadirio yaliyochapwa, mhuri wa buluu, jina lingine kabisa, lakini namba ya simu ilikuwa ileile. Naijua kwa kichwa.

Nikamweleza yote, hata ile nukta mkato. Nikamwambia asimpe mtu huyo hata pesa ya msumari.

Akageuza kokoto kwa ncha ya kiatu. Kisha akasema ameshatuma pesa, asubuhi ileile, na kontrakta amemsifu sana.