Nani anamaliza waifai ya jengo letu?

Jamani, sijui kesho nitashukaje ngazi.

Waifai yetu tunachangia nyumba kumi na mbili, na wiki nzima nimepiga kelele kwa grupu la jengo: kuna mtu anatumalizia! Nikamtaja kabisa Abdi wa ghorofa ya juu na mpira wake anaotazama mtandaoni.

Leo fundi amekuja kutuongezea spidi. Majirani wamejaa koridoni na joto hili la Garissa, mimi nimesimama mbele kama wakili.

Fundi akaangalia laptopu.

"Inayokula sana ni nyumba namba saba."

Saba ni kwetu.

Nikaingia ndani mbio. Mama yuko jikoni anakata vitunguu, simu ameiegemeza kwa mkebe wa sukari, video inaendelea. Ni dada yangu, kule Kanada. Amelala fofofo!

"Hooyo, mama yangu, hii imewashwa tangu lini?"

"Kila siku, tangu aolewe. Hatuongei. Tunakaa tu pamoja."

Nikageuka. Abdi yuko mlangoni, ameona yote. Nikangoja anitukane.

"Fundi," akaita kwa sauti ya chini, "ongeza tu. Lakini kimyakimya, kuna mtu amelala."

Nimeandika samahani kwa grupu mara tano, nafuta. Nyinyi mngeanzaje?