Programu Iliyotuuliza Hali

Kituo chetu cha kulelea watoto, pale Seven Hills, magharibi ya Sydney, kilikuwa na wafanyakazi wachache na kalamu moja. Kalamu ilifungwa kwa uzi kwenye kitabu cha mahudhurio mlangoni, na kila aliyeingia au kutoka aliishika, akaandika saa, akaiacha ining'inie. Korona ilipokuja, kalamu ile ikawa mtuhumiwa wa kwanza. Tukawa tunainyunyizia dawa kila inaposhikwa, mpaka wino ukaanza kuchora karatasi wenyewe bila msaada wetu. Ndipo mwenye kituo akasema tununue programu ya kuandika saa za kazi, na kazi ya kuichagua akanipa mimi, kwa sababu niliwahi kuitoa karatasi iliyokwama kwenye printa.

Mwenye kituo alikuwa mama wa Kizungu, mzaliwa wa Campbelltown, mwenye roho nzuri na imani kubwa katika sheria. Alitaka nijaribu programu tatu kisha nimpe jibu. Nilikubali. Mtu wa Mombasa ukimwambia ni hodari wa mitambo hakatai, hata kama mtambo wenyewe hajauona.

Ya kwanza ilitambua watu kwa sura. Ulisimama mbele ya tableti iliyotundikwa chini ya tangazo lililosema usivue barakoa, nayo ikakuomba uvue barakoa. Mimi na mwenzangu wa Tanga, wote wawili tukiwa na hijabu na barakoa, iliamua kwamba sisi ni mtu mmoja. Wiki nzima ikamwandika yeye amefanya kazi kutwa, na mimi sikufika kabisa. Hiyo niliikataa bila kuombwa sababu.

Ya pili ilikaa kwenye simu yako, ikakuandika umeingia kazini kila ulipokaribia kituo. Kituo kilikuwa karibu na stesheni. Binti mmoja wa Kikenya kutoka bara tuliyefanya naye kazi, mwanafunzi wa uuguzi, alipita pale kwa treni siku yake ya mapumziko. Akaandikwa ameingia, treni ikaondoka, akaandikwa ametoroka.

"Mi niko zangu kwa train, simu inaniambia ati nime-abandon post," akatusimulia. "Hiyo app ni karao, polisi kabisa."

Ya tatu haikujali sura wala treni. Ulibonyeza jina lako, kisha ikakuuliza: unajisikiaje leo? Zikatokea nyuso nne, kuanzia ya kijani inayocheka mpaka nyekundu inayolia, na bila kujibu hukuandikwa. Mwenye kituo aliipenda papo hapo. Alisema korona imewaumiza watu ndani kwa ndani, na mwajiri anapaswa kujua. Mimi niliipenda kwa sababu iliandika saa sawasawa.

Sote tukabonyeza kijani. Binti wa Kikenya peke yake alibonyeza ya rangi ya machungwa mara moja, kwa kuwa alikuwa amekesha akisoma, na mwenye kituo akamwita ofisini, akamuuliza kuhusu usingizi, chakula na utoto wake.

"Heri green, dada," akaniambia alipotoka. "Nilikuwa nimechoka tu, nikaulizwa kama babangu alinipenda."

Mwenye kituo akatazama majina yetu, yote kijani, akaniambia hajapata kuwa na wafanyakazi wenye raha kiasi hiki. Sisi hata ukitukuta tumevunjika mguu ukatuuliza hali, tutasema njema. Njema hutangulizwa kama mguu wa kulia unapoingia nyumbani kwa watu. Habari yenyewe huja baadaye, nyuma ya neno "ila", na programu ile haikuwa na mahali pa kuandika "ila". Nikaipitisha.

Mwenzangu wa Tanga alinizidi umri, na kwangu alikuwa dada. Alikaa Cabramatta peke yake, juu ya duka la mboga, na kazini aliwalea watoto wachanga. Mwaka ule Sydney ilikuwa imefungwa tena, na upande wetu wa magharibi umefungwa zaidi ya upande wa fukwe na nyumba nzuri. Kwao watu walikimbia mazoezi ufukweni. Kwetu helikopta ya polisi ilizunguka juu ya paa, watoto wakiipungia mikono. Kutembeleana majumbani kulikatazwa. Mipaka ya nchi nayo ilikuwa imefungwa tangu mwanzo, kwa hiyo yeye hakuwa ameiona Tanga muda mrefu. Kituo peke yake kilibaki wazi, maana watoto wa wauguzi na madereva walihitaji pa kushinda.

Asubuhi moja ya baridi niliona jina lake limeingia, kijani. Nikamkuta jikoni anawakatia watoto matofaa.

"Umeamkaje, dada?"

"Salama, mdogo wangu."

"Za Cabramatta?"

"Njema."

"Na Tanga, hawajambo?"

"Hawajambo wote," akasema, huku anakata. "Ila mama hatunaye. Wamenipigia nikiwa kwenye treni."

Nikasema innalillahi, nikamwondolea kisu mkononi. Vipande vya matofaa alikuwa amevipanga kwenye sahani, vyote sawasawa.

Nilikwenda ofisini kumwambia mwenye kituo. Akafungua programu kwanza. "Lakini ni kijani," akasema, na machozi yakamlengalenga, maana hakuwa mtu mbaya. Kisha akafanya yote aliyoyajua. Sheria inampa mfiwa siku mbili za likizo, naye akaziingiza saa ile ile. Jina la mwenzangu likageuka kijivu. Akamkabidhi boksi la tishu, akamwambia aende nyumbani, asifikirie kazi. Aliponiona nimekunja uso akanieleza kwamba mtu aliyefiwa anahitaji nafasi.

Nafasi! Kwetu mfiwa haachiwi nafasi hata ya kwenda chooni bila mtu kumuuliza unakwenda wapi. Waswahili wa Sydney ni wachache na tunajuana wote, na msiba ukitokea nyumba hujaa mpaka mwenyewe anakosa pa kukaa. Huyu anapika, huyu anapokea simu, huyu ameshika mkono wa mfiwa, na wengine hawafanyi kitu, wamekaa tu. Sasa alirudishwa peke yake kwenye chumba juu ya duka la mboga, na sheria ya afya ilitukataza kumfuata. Nilikasirika na sikujua nimkasirikie nani, maana kila mtu alikuwa amefuata utaratibu.

Mazishi aliyaona kwenye simu. Mtu alishika kamera vibaya, mwenzangu akaona zaidi migongo ya kanzu. Tukasoma hitma kwa video, kila mmoja kwao, sauti zinapishana, na katikati ya dua mtu mmoja hakuzima kipaza sauti, tukasikia anamgombeza mwanawe. Kisha kila mtu akabonyeza akaondoka, akabaki yeye na skrini.

Kesho yake alfajiri nilimpigia.

"Nimepiga deki," akasema. "Nimefua mapazia. Nimepiga deki tena." Halafu sauti ikawa ndogo. "Nirudishe kazini, mdogo wangu. Kule kuna watu. Humu ndani nitapata wazimu."

Nikaingia kwenye programu kumfutia likizo. Ikakataa. Mfanyakazi aliye kwenye likizo ya msiba hawezi kuingizwa kwenye zamu, na asiye kwenye zamu haruhusiwi ndani ya jengo. Mimi ndiye niliyeichagua. Nikampigia mwenye kituo, maana yeye peke yake aliweza kuifuta likizo ile.

Alishtuka. Alisema hawezi kumfanyisha kazi mtu aliyefiwa na mama yake, watu wangemwonaje? Nikamwambia sikuomba afanye kazi, naomba akae. Nikamweleza tunavyokaa matanga. Nikamweleza kwamba nyumbani kwake hatuwezi kwenda, kwangu hawezi kuja, msikiti umefungwa, na mahali pekee ambapo serikali imeturuhusu kuwa chumba kimoja ni kazini kwake. Niliyasema haya kwa sauti ambayo mtu hatumii kwa mwajiri wake.

"Nimwandike anafanya nini?" akauliza mwishowe. "Lazima nichague kitu."

Tukapitia orodha pamoja. Kulikuwa na kuwa na watoto, maandalizi, mapumziko, mafunzo na mkutano. Nikamwambia achague mkutano.

Kwa hiyo mwenzangu alikuwa mkutanoni kutwa. Tulimweka kwenye chumba cha wafanyakazi, madirisha wazi, baridi inaingia, viti vimeachana kama ilivyoagizwa. Nilileta tende na kahawa chungu kwenye chupa. Kila aliyepata mapumziko aliingia, akamshika mkono, kisha akapaka dawa ya mikono. Binti wa Kikenya alikuja na mandazi, akauliza kama anaweza kuomba kwa njia yao, akaomba kwa ufupi, akakaa. Tuliongea habari za bei ya ndizi na za watoto wasiolala. Mwenzangu alisikiliza, akaitikia, akala tende. Hakulia.

Watoto walipolala mchana, mwenye kituo alitokea mlangoni amebeba sinia la lazanya ya mboga, lililofunikwa kwa karatasi ya fedha. Alisimama pale kama aliyeitwa kwenye mtihani.

"Nifanye nini?" akaniuliza.

"Hakuna cha kufanya. Kaa tu."

Viti vikubwa vilikuwa vimejaa. Akavuta kimoja cha watoto, akakaa magoti yamemfika kifuani. Muda ukapita. Kisha akamuuliza mwenzangu mama yake alikuwa mtu wa namna gani.

Mwenzangu alifikiri. Akasema mama yake hakuwahi kuielewa simu ya video. Kila akipigiwa aliiweka sikioni, ukimwambia aitazame alisema atasikiaje sasa. Kwa hiyo tangu mipaka ifungwe, uso wake hakuuona. Alikuwa akiongea na sikio. Alilijua sikio lile lote, tundu la kipuli lililochanika, kijivimbe cha nyuma, na unywele mmoja mweupe ambao hakuna mtu aliyeukata.

"Jana walipomfunua uso niagane naye," akasema, "sikumjua. Nikawaambia mgeuzeni."

Hapo ndipo alipolia, kwa sauti, kama watu wanavyolia kwetu. Mwenye kituo akanitazama. Akakiburuta kile kiti kidogo mpaka goti lake likagusa la mwenzangu, karibu kuliko ilivyoruhusiwa, akabaki hapo.