Almari ya Bibi

Nianze na ujinga wangu mwenyewe, usije ukausikia kwa watu. Juzi, hapa kwetu Dengfeng, mtaa wa Wachina tunakopanga Waafrika wengi, nilitoka mbio na taulo kiunoni, nusura nimkumbatie mwanamke nisiyemjua. Mimi huyu huyu ambaye kushuka ngazi kununua mkate naona safari! Alikuwa mpangaji mpya, Mwindonesia. Kabati lake limekwama kwenye ngazi, anawapigia kelele wapagazi: "Lemari! Lemari!"

Wapagazi walimtazama tu. Mimi, kule chumbani, nikasikia almari, ndipo nikatoka mbio.

Bibi yangu alitoka Unguja, akatulea Kariakoo, ambako kila mtu alisema kabati. Yeye peke yake alisema almari. Ufunguo aliufunga kwenye pindo la kanga. Mlango ukilia tu, wajukuu tumeshajaa chumbani: harufu ya udi, ya karafuu, ya mkate wa kumimina uliofichwa nyuma ya mashuka tusiumalize kabla ya wageni. Kila Alhamisi kazi yangu ilikuwa kuisugua kwa mafuta ya nazi. "Futa, usiniachie vidole," alikuwa akisema. Nami niliamini neno lile kalibuni yeye.

Alipofariki, shangazi akaichukua almari. Niliitaka mimi. Nikanuna, nikapanda ndege bila kumuaga, nikajiambia hata neno lenyewe tumelizika na bibi.

Kumbe! Baada ya aibu ile ya ngazini nikalipekua neno lile kwenye simu. Wareno ndio waliolisambaza, nao walilirithi kwenye Kilatini, ambako lilikuwa mahali pa kuwekea silaha. Likatembea Uhindi, likaja kwetu, likafika Indonesia likawa lemari. Bibi hakubuni kitu. Msomi wa kidato cha nne nikakaa kitandani kama niliyefiwa mara ya pili. Na chumba changu hakina hata kabati. Nguo zangu zinalala kwenye maboksi matupu ya jinzi kutoka viwanda vya Xintang.

Nikaenda kulalamika kwa jirani wa mlango wa pili, mama wa Kitanga anayetupikia wali. Nikamsimulia nilivyonuniana na shangazi, nikamwambia kwetu hakuna tena aliyebaki wa kusema almari. Hakuacha hata kuchambua mchele.

"Kaka, shangazi yako yu hai, na bila shaka anaitaja hiyo almari kila asubuhi akitafuta kanga. Mpigie simu, uache kuwatokea wake za watu na taulo."