Gongo la Ngagara Lililotembea Peke Yake

Saa mbili na dakika tano asubuhi, Assia Sadiki ameketi kwenye ngazi ya nyumba yao mtaani Cibitoke, kaskazini mwa Bujumbura, simu mkononi, chai ikipoa pembeni. Kwenye kioo cha simu kuna mistari miwili. Wa buluu unasema kwamba Mama Geneviève, mwenye umri wa miaka sabini na minne, amelala kitandani kwake huko Ngagara. Wa kijani unasema kwamba gongo lake la miguu minne linatembea sebuleni.

Assia anatazama tena. Kitanda kina mtu. Gongo linakwenda hadi dirishani, linageuka, linarudi.

"Leo ni siku ya tatu," anasema. "Mutu iko kwa kitanda, gongo iko inatembea. Ao nyumba iko na majini, ao kuna mutu ananidanganya. Na mi asubuhi siamini majini."

Anajifunga kitambaa chake cha kichwani, anaiacha chai, anashika njia.

Assia ana umri wa miaka thelathini na mmoja. Kwa miaka tisa alitengeneza simu katika kibanda cha mjomba wake, hadi mwaka jana kliniki ndogo ya mazoezi ya viungo ilipotafuta mtu mwenye mikono mitulivu. Kazi yake ni kufunga vihisi katika nyumba za wazee waliovunjika mifupa: visanduku vidogo kama kiberiti vinavyotambua mwendo na mahali ulipo. Kimoja hukaa chini ya godoro, kingine kwenye gongo, cha tatu mlangoni. Hakuna kamera. Kila asubuhi anasoma habari za nyumba kumi na mbili, na panapoonekana jambo lisilo la kawaida, huenda kuona kwa macho yake.

Mtaalamu wa mazoezi katika kliniki hiyo ni mmoja tu. Mafuta ya gari yanapoadimika mjini, hufika katika kila nyumba mara moja kwa wiki mbili. Siku nyingine zote ni za Assia, naye huenda kwa miguu.

Nyumba ya Mama Geneviève ndiyo inayomnyima raha. Mwalimu huyo mstaafu aliteleza uani akianua nguo, akavunjika nyonga. Upasuaji ulikwenda vizuri. Lakini daktari alionya: asipoanza kutembea kabla ya mwisho wa mwezi, misuli italegea, na huenda asisimame tena bila kushikwa. Zimebaki wiki tatu.

Assia anagonga geti. Ndala zinakuja mbio, na Joëlla, mke wa mtoto wa Mama Geneviève, anafungua akiwa na povu la sabuni hadi kwenye viwiko.

Chumbani, kila kitu kiko karibu na mkono wa mgonjwa: jagi la maji, uji, redio, beseni, taulo iliyokunjwa vizuri. Assia anasalimia, anauliza habari za usingizi, kisha anauliza alilolijia.

"Mama, leo umetembea?"

Mama Geneviève anamtazama mkwewe. Mkwe anatazama sakafu.

"Gongo imetembea," anasema mama huyo. "Mi, apana."

Joëlla anaziba mdomo kwa kiganja. Kicheko kinamtoka kabla ya maneno.

"Dada Assia, majirani wanakuja kusalimia kila siku. Wakute mabukwe, mama ya bwana yangu, anajiletea maji, na mi mukamwana niko nimekaa? Watasema nini? Lakini nilijua we unatuangalia kwa simu. Ukikuta gongo imelala, utamugombeza. Basi nikawa naitembeza mi. Mara tatu kwa siku, vile dokta alisema."

"Hata Jumapili?"

"Hata Jumapili. Sasa mugongo iko inaniuma."

"Na anatembea vibaya," anaongeza Mama Geneviève. "Namuambia kila siku, Joëlla, ongeza mwendo, unatembea kama mutu amevunjika."

Wote watatu wanacheka. Kisha Assia anaketi ukingoni mwa kitanda na kuwasimulia jambo ambalo hulisimulia mara chache. Bibi yake mzaa mama alivunjika nyonga pia. Nyumba nzima ilimhudumia. Walimlisha, walimwosha, walimbeba juani na kumrudisha.

"Hakuna mutu alimukosea," anasema. "Tulimupenda mupaka akasahau kusimama."

Joëlla hacheki tena.

Assia hamlaumu. Kosa, anasema, ni lake mwenyewe: siku ya kufunga vihisi alieleza kila kitu kwa mgonjwa na kwa mwanawe, akamsahau anayeishika nyumba. Sasa anamwomba Joëlla achukue jagi la maji na kuliweka juu ya meza ya dirishani. Kutoka kitandani ni hatua saba.

"Na majirani?" anauliza Joëlla.

"Majirani niachie mi," anajibu Mama Geneviève. "Nilifundisha miaka makumi tatu na sita. Kunyamazisha watu naweza."

Anasimama. Vidole vinabana gongo. Joëlla ananyoosha mikono.

"Toa mikono," anamwamuru mgonjwa.

Hatua saba zinachukua dakika nne. Mama Geneviève anajimiminia maji na kuyanywa akiwa wima, taratibu, kama mtu asiyetaka yaishe.

"Yako na moto," anasema. "Kesho uweke ya baridi."

Tangu siku hiyo, mistari miwili imepatana: wa buluu unakatika, na dakika moja baadaye wa kijani unaanza. Assia amejiwekea mpango: kuanzia nyumba ya kumi na tatu, hatafungua kisanduku chochote kabla ya kuketi na mama, dada au mkwe anayepika na kuosha humo. Na kwa nyumba hii ya Ngagara ana tumaini moja, kwamba mwisho wa mwezi atakuja na bisibisi tu, avitoe vihisi vyote vitatu, aende navyo.

"Nyumba yenye mi siangalii tena," anasema, "ndiyo nyumba nimefanya kazi."

Ni Alhamisi, siku kumi baadaye. Assia anagonga geti. Ndala zinaanza kukimbia, kisha zinasimama.

"Joëlla, kaa," inasema sauti ndani.

Halafu kishindo cha gongo juu ya saruji ya uani, kituo kirefu, kishindo kingine. Kutoka mlangoni hadi getini ni hatua ishirini na mbili. Assia alizihesabu zamani. Anaichukua simu, anataka kuangalia, anaizima na kuitia mfukoni.

"Ni nani?"

"Ni Assia, mama."

"Ungoje basi. Niko nakuja kufungua."

Assia anaegemea ukuta, anangoja.