Migomba Katikati ya Barabara

Ngo, ngo, ngo. Nyundo ikigonga nondo ardhini: ndiyo sauti ya siku yangu ya kwanza kazini, pembeni mwa mji wa Kilosa, na hadi leo nikiisikia kwa fundi yeyote nageuka. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne bila matokeo ya kuringia. Mpima ardhi aliniangalia, akanipa fimbo yenye prizimu, kile kioo kinachorudisha mwale wa mashine. "Binti, kazi yako ni kusimama wima. Ukiyumba wewe, na mpaka wa mtu umeyumba." Nikasimama wima, kichwani naota: hapa taa za barabarani, pale maua, watoto wanapita na baiskeli.

Wadogo zangu mnaoitaka kazi hii, oteni, lakini bebeni na uvumilivu wa punda. Kurasimisha makazi ni hivi: mtaa uliojijenga wenyewe unapimwa ulivyo, kila mtu anapata kiwanja chenye hati, na kila jirani anamega kidogo ili njia ipite. Huko kumega ndiko kulikotaka kuniua. Mkutanoni mikono yote juu, makofi, na vigelegele. Kesho yake ukifika na kamba, kila mmoja anakwambia, "Anzia kwa jirani."

Kilosa tulimaliza kwa mbinde, tukahamishiwa Mikumi. Huko nikamkuta Mama Neema. Miguu ya binti yake haina nguvu. Kiti cha magurudumu kilikuwepo, kizuri tu, kimefunikwa kanga chumbani, maana kichochoro chao hakipitishi hata toroli. Mama alimbeba Neema mgongoni kwenda shule, na Neema alikuwa anakua. "Mwakani simuwezi tena," aliniambia, anacheka, lakini mkono uko kiunoni. Kwenye ramani ya Afisa Mipango Miji, njia mpya ilipita mlangoni kwao. Nilifurahi kama naenda shule mimi.

Ijumaa tukaweka vigingi. Jumatatu tukakuta migomba, imepandwa kwa mstari mzuri kabisa, katikati ya njia. Mwenye eneo, Mzee Yohana, jirani wa Mama Neema, amekaa kwenye kigoda anatusubiri.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Hesabuni."

"Tuhesabu nini?"

"Mazao. Reli mpya ilipopita, shemeji yangu alihesabiwa mpaka mapapai."

Afisa alivua kofia, akajifuta jasho. "Mzee, ile ilikuwa reli. Hapa hakuna fidia, njia mnaitoa wenyewe. Na mkono ulinyoosha mkutanoni."

"Nilinyoosha kabla sijapanda."

Mwenyekiti wa kitongoji alicheka mpaka nikatamani kumkanyaga mguu. Akaitisha kikao, kikaahirishwa kwa msiba. Akaitisha kingine, Mzee Yohana akaenda shamba. Mwisho Afisa akachoka. "Bila ridhaa njia haipiti," alisema, "na mimi siwezi kuhamia hapa kumbembeleza mtu na migomba yake." Akaikatisha njia kwenye ramani, ikaishia kwenye jani la kwanza. Mradi ukafungwa, vibarua tukaagwa kwa soda.

Basi nimestaafu kabla sijaolewa, kama anavyonitania mama. Na mstaafu ana muda wa kufikiri. Nimefikiri hivi: mtaa hauzuiwi na ubaya wa watu. Unazuiwa na watu wazuri wanaosubiriana. Inachosha kuliko jua la Mikumi saa saba.

Wiki iliyofuata nilirudi kwa Mzee Yohana, bila mashine, bila bosi.

"Shikamoo babu. Hii migomba haiwezi kukaa mahali pengine?"

"Marahaba. Inaweza. Nyuma ya choo kuna udongo mzuri kuliko huu."

"Sasa kwa nini huihamishi?"

"Kwa mgongo gani, mjukuu wangu? Fidia nimeshaelewa haipo, lakini kuipanda tu nililala siku mbili. Ikihamia huko, njia wapite."

Nilitaka kulia. Vikao vyote vile, na hakuna aliyemuuliza. Nikamwambia anionyeshe jembe lilipo. Akanionyesha, akabeba kigoda chake, akaingia ndani kulala.

Nikaichimbua mmoja mmoja na udongo wake, nikaipanda upya nyuma ya choo, nikaimwagilia. Ramani itajijua yenyewe. Nilipomaliza kufukia mashimo, nilisimama katikati ya njia, nikanyoosha mikono yote miwili. Haikugusa kitu.