Mwaka Tulipoomba Moto kwa Mama Atosha

Harufu ya mawese yanayochemshwa mara ya pili ndiyo iliyotujulisha kwamba mvua zinakaribia. Mama aliyachemsha taratibu katika chungu kipana mpaka maji yote yaishe, kwa sababu mafuta yenye maji hutapika cheche ndani ya kibatari na kuzima taa. Nyumba yetu ilikuwa mlimani kidogo, katika njia ya kutoka Baraka kwenda Fizi. Katika miaka ile ya hamsini, nilipokuwa msichana mdogo, mafuta ya taa, ambayo sisi tuliyaita petroli, yalikuja kwa lori kutoka Uvira. Mito ikijaa, lori halipiti, na duka la Baraka hubaki na madebe matupu. Kwa hiyo Mama alijiandaa mapema. Alisokota tambi za pamba, akapanga kuni juu ya dari ya jiko zikaushwe na moshi, akaweka viberiti ndani ya kibuyu kilichozibwa kwa nta. Chini, kwenye mafiga, gogo gumu lilikaa likifuka usiku na mchana. Alijivunia sana maandalizi yake, na aliyasema kwa sauti ya juu kidogo, ili Mama Atosha asikie.

Mama Atosha alikuwa jirani yetu, mjane aliyekaa peke yake ng'ambo ya shamba la muhogo. Yeye na Mama hawakuwa wakisalimiana tangu mbuzi wake walipokula majani ya muhogo wetu. Mwaka ule hakuwa amepata mawese. Jioni tuliiona nyumba yake ikiwa giza, na mwanga hafifu tu wa jiko ukionekana mlangoni. Mama aliitazama, kisha akageuza uso.

Baba alikuwa amekwenda Nundu kwenye msiba wa shemeji yake, na mto ukamzuia kurudi. Wakati huo huo mdogo wangu Asukulu akashikwa na homa. Mchana mmoja anga likawa jeusi, upepo ukashuka kutoka milima ya Bibokoboko na kung'oa nyasi za paa la jiko. Maji yalimwagika moja kwa moja kwenye mafiga. Gogo lilitoa mlio kama wa paka, likazimika. Mama alikimbilia kibuyu cha viberiti. Kilikuwa kimeanguka na kupasuka, na viberiti vilikuwa vimelowa mpaka vichwa vya njiti vikabaki kwenye vidole vya Mama.

Tulikaa ndani ya nyumba kubwa. Vibatari vilijaa mafuta, lakini hakukuwa na cha kuviwashia. Asukulu alitetemeka mpaka kitanda cha mianzi kikalia. Alihitaji maji ya moto na dawa ya majani. Mama alimfunika nguo zote tulizokuwa nazo, akasimama mlangoni muda mrefu akiangalia ng'ambo ya shamba. Hatimaye alichukua chungu kidogo na kibuyu cha mawese, akamwomba shangazi, aliyekuwa akitutembelea, amwangalie mgonjwa. Mimi nilimfuata bila kuitwa.

Mlango wa Mama Atosha ulifunguka kabla hatujabisha.

"Nilikuwa naangalia kwenu," alisema. "Nimeona moshi hakuna."

"Mutoto iko na homa," Mama alisema. "Nimekuja kuomba moto."

"Ingia kwanza. Mvua itakuuwa."

Alijaza makaa ndani ya chungu, akayafunika kwa majivu na kigae. Mama alimpa kile kibuyu cha mawese. Alikipokea, akanusa, akasema tu, "Haya ni mazuri." Kisha alikibeba chungu yeye mwenyewe, akakikumbatia chini ya kitenge chake, akavuka lile shamba la muhogo katika mvua. Ni yeye aliyepuliza makaa mpaka ndimi zikainuka. Asukulu alikunywa dawa, akatoka jasho, akalala. Wale wanawake wawili walikaa karibu na moto wakizungumza juu ya mvua, na jambo la mbuzi halikutajwa. Lilitajwa wiki iliyofuata, mbuzi waliporudi shambani, nao waligombana vizuri kabisa. Lakini tangu hapo walisalimiana hata wakiwa wamekasirika.

Leo ninakaa Baraka, chini ya paa la mabati lenye kioo cha jua kinachotupatia umeme. Betri ikiisha, wajukuu hulalamika kwanza juu ya simu zao. Siutamani moshi wa zamani; uliniharibia macho, na Mama ulimwachia kifua kibovu. Juzi mawingu yalizidi na taa zikafifia kabla ya magharibi. Nilitoka nikabisha kwa mama mmoja aliyehamia nyumba ya pili, ambaye jina lake sikulijua.

"Koko, unatafuta nini?" aliuliza, kwa jina tunaloitwa sisi mabibi huku.

"Hakuna," nilimjibu. "Nimekuja kukusalimia tu."

Alinivutia kiti.