Kioo Kilichokuwa Mfukoni Mwangu

Admin, ficha jina langu. Majina niliyoyatumia humu si ya kweli.

Kwa miaka tisa nimeficha kipande cha kioo kisichozidi urefu wa kidole. Nina miaka themanini na moja, naishi Buteba, upande wa Uganda, moyo umechoka, na daktari wa Tororo hanipangii tena siku ya kurudi. Nilifundisha baiolojia mpaka nikastaafu. Wale mnaoandika "pole mzee" kabla ya kumaliza kusoma, hifadhini pole zenu.

Baada ya kustaafu, watafiti wa nchi tatu walinipa kazi. Walikuwa wanachunguza chavua na mbegu za kuvu zinazoelea hewani, wajue kama zikizidi ndipo watu wanabanwa kifua. Mashine moja iliwekwa ng'ambo, Busia ya Kenya, nyingine juu ya paa langu. Ilivuta hewa wiki nzima na kunasa vilivyomo kwenye utepe wa gundi. Kila Jumatatu niliukata ule utepe, nikaulaza kwenye vipande vidogo vya kioo, nikahesabu kwa darubini. Mabwana hao walikuja mara mbili kwa mwaka na chupa zao za maji, wakasema hewa haina pasipoti, wakacheka kama vile hawakusema hivyo hivyo safari iliyopita, wakapiga picha na mashine, wakaondoka. Aliyejua kilichokuwa ndani ya hewa ni mimi. Niliwadharau, na dharau ile ilinishibisha.

Mwanangu Wandera alikuwa na pumu. Mwaka ule mvua ilikataa kukatika, nikaingiza mahindi yangu ndani kabla hayajakauka, kwenye chumba kilichopakana na chake. Ukuta wa kati haukufika kwenye mabati. Mkewe, Amoit, binti wa kijiji cha Kwapa, alinifuata uani mbele ya ndugu zangu.

"Baba, hii mahindi inanuka. Tuitoe nje. Bwana yangu akilala pale anakohoa tu."

"Wewe ulisoma mpaka darasa la ngapi?"

"La sita, Baba."

"Ukimaliza la saba tutaongea."

Ndugu zangu walicheka sana. Mimi ndiye msomi wao.

Jumapili ya wiki iliyofuata, Wandera alibanwa, akafia njiani kwenye bodaboda, Amoit amemshika kwa nyuma. Tulipomaliza kuzika tulikaa kikao. Ndugu zangu ni watu wa kuamini lolote mradi halihitaji kusomwa. Mdogo wangu alianza.

"Huyu mwanamke ametumalizia kijana. Dawa ameweka kwa hewa ya nyumba. Mtu anakufa na kifua namna hiyo bure?"

"Mimi sijaweka kitu," Amoit alisema. Halafu akanigeukia. "Muulizeni Baba. Baba ako na mashine ya kuona hewa."

Wote wakaniangalia. Nikasema, "Mashine haioni uchawi."

Ilitosha. Alirudishwa kwao Kwapa siku hiyo hiyo, na watoto wake wawili wakabaki kwangu. Siku hizi anauza ndizi Malaba. Wanawe wakipita pale wanavuka barabara, maana wamekua wakiambiwa kuwa mama yao alimuua baba yao.

Kioo kilikuwa kwenye mfuko wa koti langu nikiwa kwenye kikao kile. Neno la Amoit kuhusu mahindi lilikuwa limenikera, nikakipaka mafuta ya mgando ili kinase vilivyomo hewani, nikakiacha chumbani mwao siku nzima, nipate kumuumbua. Chini ya darubini, mbegu za kuvu zilijaa mpaka nikashindwa kuhesabu, mimi niliyekuwa nahesabu kwa ajili ya nchi tatu. Nilikwangua punje ya mahindi yangu, nikalinganisha. Ni zile zile. Fomu ya watafiti iliuliza kama nyumbani kwangu kuna aliyebanwa kifua. Niliandika: hakuna. Waliipokea, wakanishukuru kwa umakini wangu.

Mjukuu wangu mkubwa ndiye anayenipa uji sasa, na ukurasa huu anausoma kila siku. Je, nimwite mama yake aje niseme mbele yake na wanawe wote wawili, nikijua watoto hao wanaweza kunigeuzia mgongo nife bila mtu wa kunishika mkono? Au nimwachie mjukuu kioo pamoja na barua, asome nikishazikwa? Nipeni neno, siku zangu ni chache.

Ila msinishauri kwa habari nusu. Nimeandika bila kusema nilikitazama kioo kile siku gani. Nilikitazama Alhamisi, kabla ya kifo. Wandera alikufa Jumapili. Siku zile tatu alilala mle mle, na mimi nilikuwa nangoja Amoit asahau alichosema, ndipo niyatoe mahindi nje kama wazo langu mwenyewe.